Sinki la Kuogea la Fomani Kondo

Siku niliyoripoti karakana ya Kibaha nilivaa viatu vya ngozi alivyoniachia marehemu baba yangu, nimevipiga kiwi mpaka vinang'aa. Fomani Kondo alivitazama viatu kabla hajanitazama mimi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa bado miguuni kwangu. Kisha akaniuliza kabila langu. Nilipomjibu kuwa mimi ni Mnyamwezi wa Urambo, uso wake ukachangamka, kwa sababu yeye alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, na kila anayejua mila anafahamu kwamba Mzaramo na Mnyamwezi ni watani.

"Babu zako walifika pwani peku, na mizigo kichwani," akasema. "Wewe umekuja na viatu vya harusi. Haya, kuna choo kimeziba kwenye nyumba za walimu. Twende tukaone kama vinajua kuogelea."

Viatu havikujua kuogelea. Jioni ile nilirudi kwenye chumba changu cha kupanga nikiwa nimevishika mkononi, nikaviacha nje ya mlango, na asubuhi sikuvikuta. Nilinuna njia nzima kwenda kazini. Nilipofika, Fomani alikuwa amenitafutia mabuti ya mpira yaliyochakaa, akanirushia. Ndivyo nilivyoanza ufundi bomba, na ndivyo nilivyomjua mtu huyo.

Karakana yetu ilihudumia nyumba za watumishi, ofisi na mabweni. Vijana wanaosoma haya wamezoea mabomba ya plastiki yanayoungwa kwa gundi, unapaka, unasukuma, unahesabu mpaka kumi. Sisi tulifanya kazi na mabomba ya chuma. Bomba lilikatwa kwa msumeno, likachongwa nyuzi mwishoni kwa mashine ya mkono iitwayo dai, nyuzi zikazungushiwa katani na kupakwa rangi, ndipo likafungwa. Mtu aliyefunga vibaya hakujificha, kwa sababu maji yalimtaja kwa jina kesho yake. Sasa hivi silikoni imekuwa dini. Kila kinachovuja kinapakwa silikoni, na kinachovuja tena kinapakwa nyingine juu yake. Nasema hivi si kwa kuwachukia, nasema kwa sababu nimebandua nyingi mno.

Katika nyumba za wakubwa kulikuwa na masinki ya kuogea, yale marefu ambayo mtu anajaza maji na kujilaza ndani. Mengi hayakutumika. Wenye nyumba waliweka ndoo humo, au mkaa, au kuku siku za kuamkia sikukuu. Lakini yakiharibika yalituita, na Fomani aliniambia mapema kwamba fundi hupimwa kwa sinki la kuogea, kwa sababu ugonjwa wake haukai mbele.

Nieleze kidogo. Sinki hilo lina njia mbili za kutoa maji. Ya kwanza iko chini, ndiyo yenye kizibo. Ya pili ni tundu lililo juu, upande wa mabomba, ambalo hupokea maji yakizidi ili yasimwagike sakafuni. Tundu hilo tunaliita ovaflo. Nyuma yake, mahali usipopaona, kuna kona ya bomba iitwayo elbo, na kati ya elbo na mgongo wa sinki kuna raba nene ya duara inayozuia maji yasipenye. Raba ikioza, maji yanayoingia kwenye ovaflo hayaendi bombani. Yanashuka nyuma ya sinki na kunywewa na ukuta. Anayejenga vizuri huacha kijimlango nyuma ili fundi afike. Anayejenga kwa haraka huzungushia matofali pande zote, akapiga vigae, kazi ikapendeza, na fundi akakosa pa kuingilia.

Kosa linalofanywa na wengi ni kufungua skrubu za ovaflo kwa mbele bila kufikiri. Skrubu hizo ndizo zinazoishika elbo. Ukizitoa, elbo inaangukia nyuma kwenye giza, na hapo huna jingine isipokuwa kuvunja. Fomani Kondo alikuwa na desturi yake: alipitisha uzi wa nailoni tunduni, akaufunga kwenye elbo kwa kutumia kindoano cha waya, akazungusha ncha ya pili kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto, ndipo akagusa bisibisi. Nilimcheka mara ya kwanza. Nikamwambia Wazaramo hawaachi hirizi hata kazini. Akanijibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini asiyefika mvunguni sharti awe na kamba.

Nilifanya naye kazi miaka mingi, kisha nikaanza kuhamishwa. Nilipelekwa Ruvu, kwenye mitambo inayosukuma maji kwenda Dar es Salaam. Msimamizi wa Mitambo pale alikuwa mtu wa maneno machache. Aliegemeza ncha ya bisibisi kwenye pampu na mpini wake sikioni, akasikiliza, akasema beringi hii inakufa, na kwa kawaida ilikufa. Kutoka Ruvu tukatumwa Gwata kulaza bomba la kijiji. Huko nilijifunza kwamba mfereji ukichimbwa na wanakijiji wenyewe hauwi mnyoofu hata siku moja, kwa sababu kila mmoja anataka upite karibu na kwake. Baadaye nikaazimwa kiwanda kimoja cha Zegereni. Meneja wa Matengenezo wa huko alitembea haraka na kuzungumza haraka, na neno lake lilikuwa moja tu, "Lini?" Nilimheshimu, lakini sikumpenda.

Wakati nipo Ruvu, mtoto wetu wa kwanza alifariki kwa homa. Mimi na mke wangu hatukuwa na ndugu karibu, na Urambo si mahali pa kufika kwa siku moja. Nilikaa kwenye mkeka nikijiuliza nani atachimba kaburi. Fomani Kondo alitokea na watu wake kutoka Kisarawe, kanzu zimejaa vumbi la njiani. Walichimba. Na katikati ya kuchimba, kama inavyompasa mtani msibani, Fomani alilala ndani ya kaburi akasema hatoki mpaka Wanyamwezi wamletee jogoo, kwa kuwa pamempendeza na ana usingizi. Watu wakaangua kicheko. Mke wangu, ambaye hakuwa ametamka neno tangu usiku, alicheka, kisha akalia, na ule ndio ukawa mwanzo wa yeye kuweza kulia. Asiyejua utani ataona huo ni ukatili. Mimi ninajua ulituponya.

Fomani alistaafu, akarudi kwao Kisarawe kulima mihogo na kuuza machungwa yake. Mimi nikarudishwa Kibaha, nikakalia kiti chake, nikaitwa Fomani na watu ambao hawakumjua yeye. Mke wangu naye akatangulia. Kisha zamu yangu ya kustaafu ikafika, nikaendelea na vikazi vya mtaani ili mikono isisahau.

Ndipo Mwajuma, binti yake Fomani, aliponipigia simu. Alinisalimu vizuri, "Shikamoo baba mdogo," kama alivyoniita tangu akiwa mdogo, kisha akaniomba niende na vifaa vya kazi. Baba yake alikuwa amepata kiharusi muda mrefu uliopita, hilo nilijua, nilikuwa nimekwenda kumtazama hospitalini. Nisilolijua ni kwamba sasa ukuta wa chumba chake ulikuwa unachuruzika maji.

Nilichukua mfuko wa vifaa nikaenda Kisarawe siku ileile. Shomari, kaka yake Mwajuma, anayefanya kazi mjini, ndiye aliyejenga nyumba hiyo. Aliijenga baba akiwa bado amelazwa, kwa pupa ya mtoto anayetaka mzazi arudi akute jambo. Alikuwa amesikia kwamba maji ya moto humfaa mgonjwa wa kiharusi, basi akaweka sinki la kuogea la faiba, akalizungushia matofali, akapiga vigae vya buluu mpaka juu. Fomani Kondo, aliyetengeneza masinki ya watu maisha yake yote na hakuwahi kujilaza katika hata moja, akapata la kwake. Na halikuwa na kijimlango. Yeye aliyeweza kumwambia mjenzi asubiri hakuwepo, na aliporudi ulimi ulikuwa umekufa.

Nilimkuta kitandani, kichwa upande wa ukuta wenye unyevu. Rangi ilikuwa imevimba na kubanduka, na chumba kilinuka ukungu. Alikuwa amekwisha, mifupa na macho tu. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamshika mkono wa kulia, ule uliobaki na uhai.

"Mzaramo," nikamwambia, "miaka yote unanituma kwenye vyoo vya watu. Leo ndiyo unanikaribisha kwenye bafu lako?"

Nusu ya uso wake ilicheka. Nusu nyingine ilibaki ilivyokuwa, na sikuweza kuitazama kwa muda mrefu.

Shomari alinieleza msimamo wake ukumbini. Alikuwa amekwisha zungumza na mafundi. Jumatatu wangekuja kuling'oa sinki lote, waweke bomba la mvua na kiti cha plastiki. Alisema unyevu ule unamwingia mzee kifuani, anakohoa usiku kucha, na hawezi kungoja nyumba imuangukie baba yake. Hakukosea. Mwajuma alisimama mlangoni akisikiliza, na kaka yake alipomaliza akasema kwa sauti ya chini:

"Kwenye kiti anaanguka, kaka. Wewe hujamwogesha. Akiingia kwenye maji ndio ule mkono uliokunjamana unafunguka. Anafumba macho, anapumua kama mtu. Siku nzima ananiangalia anangojea hilo tu."

Nikaelewa nimeitiwa nini. Mzee alikuwa amebakiwa na raha moja duniani, na mimi nilikuwa na siku mbili za kuiokoa kabla ya nyundo.

Njia ya nyuma haikuwepo. Kupasua ukuta wa chumba kulimaanisha kumhamisha mgonjwa na kuvunja penye nguzo ya zege na nyaya za umeme. Kuvunja vigae kulimaanisha kumpa Shomari sababu ya kuling'oa sinki lote. Ilibaki tundu la ovaflo lenyewe, ambalo upana wake haupitishi vidole vitatu. Nilipiga magoti ndani ya sinki, Mwajuma akanishikia tochi, nikatoa kifuniko cha mbele na kuchungulia. Raba ilikuwa imeoza mpaka imekuwa kama ugali uliolala. Nikapitisha waya, nikainasa elbo kwa ndoano, nikafunga uzi, nikauzungusha mkononi kwangu wa kushoto. Sikucheka mara hii.

Skrubu moja ilikubali. Ya pili ilikuwa imekula kutu, kichwa kimemomonyoka. Nikaitia mafuta, nikasubiri, nikaitia tena. Siku hiyo iliisha hivyo, na nikalala kwao. Nilimsikia Fomani akikohoa upande wa pili wa ukuta, na ilikuwa kweli, kikohozi kile hakikuwa cha kungojea.

Kesho yake, Jumapili, skrubu ilitoka. Elbo ikalegea, uzi ukakaza mkononi, ikabaki inaning'inia nyuma kwenye giza, nikaisukuma taratibu ili ipatikane nafasi. Nikatoa raba ya zamani vipande vipande kwa koleo lenye mdomo mrefu. Raba mpya nikaipitisha kwenye uzi, nikaikunja mara mbili kama chapati, nikaisukuma tunduni mpaka ikafunguka yenyewe upande wa pili. Ile faiba ilikuwa imepinda kidogo kwa joto la maji, kwa hiyo raba peke yake isingetosha. Nilikuwa nimeipaka silikoni. Ndiyo, mimi niliye na ugomvi nayo. Kuna pahali pake, na hapo palikuwa pahali pake. Kisha nikavuta uzi, elbo ikarudi, nikatafuta tundu la skrubu kwa kubahatisha, nikakosa, nikatafuta tena. Magoti yaliniuma hata nikamwomba Mungu kwa Kinyamwezi. Mchana skrubu zote mbili zilishika.

Nilipotoka bafuni nilimkuta Mwajuma uani, sufuria kubwa iko kwenye jiko la mkaa, maji yanatoa mvuke. Fomani alikuwa hajaogeshwa sinkini tangu ukuta ulipoanza kulia. "Amejua kazi imekwisha," akasema Mwajuma. "Amekusikia ukikusanya vifaa, na ameanza kunyoosha mkono kuelekea bafuni."

Nikamwambia haiwezekani mpaka kesho. Silikoni lazima ikauke. Akaniuliza kama nusu tu ya maji haiwezekani, yasifike kwenye tundu. Nikamweleza kwamba tatizo si maji, ni uzito. Faiba inanesa mtu akilazwa ndani, na ikinesa leo raba itahama, kazi itaharibika, na kesho nyundo zinakuja. Alisikiliza. Kisha akasema:

"Baba mdogo, mwenzio anakuangalia. Kamwambie mwenyewe."

Nilikwenda. Sikukaa kitandani, nilisimama kama nilivyokuwa nikisimama mbele yake karakana. Nikamweleza kazi yote kwa mpangilio: uzi, skrubu yenye kutu, raba, faiba iliyopinda, silikoni. Macho yake yalinifuata neno kwa neno. Nilipofika kwenye silikoni nikasema bado mbichi. Alinyanyua mkono wa kulia, akageuza kiganja chini, akakishusha taratibu juu ya shuka, mara mbili. Ndivyo alivyokuwa akituzuia karakana tulipotaka kufungulia maji mapema. Acha ikauke. Mwajuma aligeukia dirisha. Maji ya sufuria tulimpangusa nayo kwa kitambaa kitandani, mimi nikimshika mgongo. Shomari alipopiga simu nilimwomba awasimamishe mafundi wake siku moja, na akakubali.

Fomani Kondo alifariki alfajiri ya Jumatatu, kabla kuta hazijapata mwanga. Silikoni ilikuwa imekauka.

Watu walijaa. Waosha maiti walifika na mwalimu wa msikiti wa karibu, na hapo likatokea jambo ambalo katika nyumba za zamani lisingetokea. Mila inataka maji yaliyomwosha marehemu yaingie ardhini kwa heshima. Ndani ya chumba huchimbwa ufuo, yaani shimo la kuyapokea chini ya kitanda cha kuoshea. Nyumba ya Shomari ilikuwa na zege na vigae kila chumba. Wengine wakasema apelekwe msikitini. Mwajuma hakutaka baba yake atoke kabla ya kutoka moja kwa moja. Mwosha mmoja akapendekeza kitanda cha kuoshea kikae juu ya kingo za sinki, maji yashukie humo. Mwalimu akauliza sinki linamwaga wapi. Macho yote yakanigeukia. Nikasema ukweli, kwamba linamwaga kwenye shimo la choo. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Nipeni jembe," nikasema.

Mimi ni Mkristo, siwezi kuingia kwenye kuosha. Lakini ni mtani, na mtani hana mlango uliofungwa msibani. Nyuma ya nyumba nilichimba shimo jipya kwenye udongo safi, kando ya michungwa. Nilikata bomba la sinki pale lilipotokea ukutani, nikafunga kona, nikaliongeza kipande mpaka shimoni. Vijana walitaka kunipokea jembe, nikakataa. Waombolezaji walikuwa wamekaa wakinitazama, na nilijua wananingojea. Mzaramo amekufa, Mnyamwezi yupo ndani ya shimo. Utani ulikuwa haki yake, naye alikuwa amekwisha nifanyia. Nikainua kichwa.

"Jamani, mtu huyu hapumziki?" nikasema. "Nimestaafu mimi. Kafa yeye. Bado ananichimbisha mifereji."

Wakacheka, wazee wakapiga makofi, mama mmoja akanijibu kwamba mpagazi hana kustaafu. Mimi nikainama tena shimoni nikalia, na jasho likanisaidia kuficha.

Walipoanza kumwosha nilisimama kwenye mwisho wa bomba. Maji yalikuja kidogo kidogo, kisha mengi, yakiwa na harufu ya kafuri, yakaingia ardhini bila kutuama. Sikusogea mpaka yakakoma. Alizikwa baada ya sala ya adhuhuri.

Baada ya hitima nilirudi Kibaha nikawagawia mafundi wa huko vifaa vyangu, msumeno, dai, spana, hata kile kindoano cha waya. Mtu hukaa kwenye kazi mpaka aliyemwingiza aondoke, ndivyo nilivyoona mimi. Watu huniuliza kama niliipenda kazi yangu. Niliipenda. Ina ubaya mmoja, kwamba fundi bomba akifanya vizuri hakuna kinachoonekana. Ukuta mkavu hausifiwi na mtu. Na ina jambo jingine ambalo Fomani hakunifundisha, kwa sababu nadhani naye hakulijua: unaweza kufanya kila kitu kama inavyotakiwa, na bado ukachelewa. Nimejiuliza mara nyingi kama ningempa maji yake siku ile, raba ihame, ukuta ulowe, mafundi wavunje, ingekuwa nini. Kisha nakiona kiganja chake kikishuka juu ya shuka. Kinanituliza mchana. Usiku hakinitulizi sana.

Lakini kabla sijaondoka Kisarawe, Mwajuma alikuwa ameniomba tulijaribu lile sinki. Nilikwisha rudisha bomba lake la kawaida na kulifukia lile shimo la michungwani. Shomari alikuwa amesema halivunji tena, lakini alitaka kujua kama ukuta umepona, na mimi pia nilitaka kujua. Nikamwambia Mwajuma ajaze mpaka kwenye tundu, mimi nikaenda chumbani kwa marehemu. Kitanda kilikuwa kimetolewa. Niliweka kiganja kwenye ukuta, nikasikia upande wa pili maji yakipanda, yakafika kwenye ovaflo, yakaanza kuporomoka ndani ya bomba. Nikangoja. Ukuta ulibaki mkavu.

Nilirudi bafuni kumwambia. Mvuke ulikuwa umejaa, vigae vya buluu vimetoka jasho. Mwajuma alikuwa amekaa ukingoni mwa sinki, na pembeni yake zilikuwepo ndoo tupu na ile sufuria kubwa. Kujaribu bomba kunataka maji ya baridi tu ya bombani, hata mtoto anajua. Yeye alikuwa amewasha mkaa tangu asubuhi, akachemsha, akabeba, akachanganya, akapima kwa kiwiko kama alivyozoea. Aliona ninavyoitazama sufuria, naye akaitazama, kama vile ni mtu mwingine aliyeileta.

"Sasa haya maji nayafanyaje, baba mdogo?" akaniuliza.

Kazi yangu maisha yote imekuwa kuyaonyesha maji pa kwenda. Lakini sikuthubutu kugusa kizibo. Nilikaa ukingoni karibu naye, tukayaangalia mpaka yakapoa.